Nilimficha mama lenzi zangu, akazitia maziwa

Wakuu, habari za huko mliko. Hii ni yangu mwenyewe. Ingekuwa uongo ningejipamba kidogo.

Mimi ni mwalimu huku Masisi, upande wa Goma; wakati huo nilikuwa na darasa la sita. Miaka miwili iliyopita nilivuka mpaka, nikafanyiwa operesheni ya laser ili niachane na miwani. Mama yangu, muuza maziwa ninayeishi naye, alinikataza. Nilimcheka.

Operesheni ikaniharibia macho. Herufi moja naona mbili. Miwani mipya haikusaidia kitu.

Baadaye daktari wa Goma akanipa lenzi maalum, kubwa, zinazoegemea weupe wa jicho. Unaijaza lenzi maji ya chumvi ya dawa, unainama, unaisukuma ndani. Nikaona vizuri, jamani!

Lakini mama nikamficha. Ningeanzia wapi kumwambia alikuwa sahihi?

Mkurugenzi wa shule alishanichoka kwa makosa ya ubaoni ya kabla ya lenzi. Akasema Jumatatu atakaa darasani. Nikishindwa kusoma ubaoni, darasa la sita anampa mwingine.

Jumatatu asubuhi nikajaza lenzi zote mbili, nikaziacha kwenye vishikio vyake. Ndama akaingia kwenye maharage, nikatoka kumfukuza. Niliporudi nikazivaa mbiombio.

Nikaona weupe mtupu. Nikadhani ni ukungu, maana huku tunao kila asubuhi.

Shuleni jua limeshatoka, ukungu bado uko, na macho yanawaka. Mbele ya mkurugenzi hata tarehe ya ubaoni nikaikosea.

Muuguzi wa kituo cha afya akazitoa, akanusa. "Mwalimu, hii iko maziwa."

Nyumbani mama hakukana. "Nilikuonaka unatia hivi vitu mu macho. Leo nilikuta umeweka maji tu. Mu jicho ya mugonjwa tunawekaka maziwa. Nikamwanga ile maji, nikaweka ya leo."

Macho yalipona, lakini nilikatazwa lenzi wiki tatu. Darasa la sita sasa lina mwalimu mwingine. Hasira zilinipanda, wakuu, nikamfokea: kwa nini hukuniuliza kwanza?

"Nilijua unaumwa tangu siku ulirudi," akasema. "Nilikuwa nangojea unambie."

Kumbe alijua siku zote, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Kama una dawa au kifaa cha mwilini, waeleze wa nyumbani kwako kabla ya kutueleza sisi. Nyie mmewaficha nini? Semeni hapa, halafu mkaseme na nyumbani.