Niliacha console standby, nikamwambia mama "imelala". Kilichofuata ni joto tupu

Wakuu, habari za huko mliko. Kama uko Dar, pole na jua. Huku Joburg ni Julai na tunalala na soksi mbili mbili, kwa hiyo mkiona neno overheating kwenye uzi huu, mjue hali ya hewa haihusiki.

Naapa kama mwanakwaya (naimba besi ambayo hakuna aliyeiomba) kwamba haya yametokea kweli, tena sebuleni kwetu. Chumvi sijaweka. Labda ile ya mezani.

Nimesoma humu nyuzi kibao za "je, ni salama kuacha console standby?" Wataalamu mmejaa. Mmoja anasema zima kabisa, mwingine anasema yake iko standby tangu ainunue na haijawahi hata kupiga chafya.

Wote mnaandika kwa ujasiri wa watu ambao hawajawahi kuishi na mama yangu.

Twende taratibu.

Nipo Grade 10, tunakaa Rosettenville, kusini mwa mji. Mama ni wa Uvira, Kongo. Mimi nililetwa huku nikiwa na miaka minne. Kiswahili changu nimekiunga kwa vipande vya mama na vipande vya humu jukwaani, kwa hiyo walimu wa sarufi pitieni pembeni. Shuleni kwetu tunafundishwa kwa Kiingereza na tunatukanwa kwa Kizulu.

Mama ni fundi cherehani. Karibu kila kwaya ya Wakongo wa upande huu imevaa kitu kilichopita mikononi mwake. Cherehani iko sebuleni, TV iko sebuleni, na chini ya TV iko console. Kutoka kwenye cherehani hadi kwenye console ni hatua mbili. Ramani ya maafa hiyo, ila mimi nilikuwa naiona kama mpangilio wa nyumba.

Sasa, console si yangu. Ni ya yaya Fiston.

(Watanzania na Wakenya tulieni. Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, siyo msichana wa kazi. Ingawa huyu ndiye aliyekuwa ananibadilisha nepi, kwa hiyo labda na nyie mko sahihi.)

Yaya Fiston ni mlinzi. Anashinda mlangoni mwa duka kubwa akiangalia watu wakitoka na mifuko. Kule Uvira alikuwa kiungo, namba nane, na mtaa mzima ulikuwa unamuita kwa jina. Hapa jina lake liko kwenye kibandiko cha sare, na wameliandika vibaya.

Ndani ya ile console kuna mchezo wa mpira, upande wa career. Yaya alitengeneza mchezaji wake, akamuita Fiston, namba nane. Sura alihangaika nayo wiki nzima mpaka masikio yakafanana. Amemchezesha misimu kumi na moja. Alianzia timu ya daraja la mwisho kabisa, sasa ni nahodha, ana miaka thelathini na tatu na goti linaanza kulalamika.

Yaya hachezi hovyo kama mimi. Anacheza mechi moja, anasave, anazima, anachomoa, anapitisha kitambaa kikavu. Kama padri na kikombe chake.

Na save iko mle ndani tu. Cloud hana. Nilipomshauri aweke, alisema mawingu anayoyajua yeye ni ya mvua.

Kwa hiyo mwelewe: console ikifa, na Fiston wa misimu kumi na moja anakwenda nayo.

Mwezi uliopita kampuni yake ikampeleka Rustenburg kulinda ghala kwa wiki tatu. Kabla hajaondoka akaniachia sheria moja. Nicheze, lakini nikimaliza nizime, hataki kusikia standby. Nikamjibu "sharp". Sharp ni neno zuri sana, linakubali kila kitu na haliahidi chochote.

Siku ya pili tu nilikuwa standby.

Msinihukumu. Ni likizo, gemu langu lina update kila siku ya Mungu, na ukiwasha kutoka standby unajikuta pale pale ulipoachia. Kuzima kabisa ni kwa watu wenye subira. Mimi subira nilinyimwa ili nipewe sura.

Tatizo lilikuwa mama.

Mama ana imani mbili. Ya kwanza ni ya kanisani. Ya pili inasema kitu kisichotumika kichomolewe ukutani. Friji pekee ndiyo imepewa msamaha. Mara mbili nilikuta amechomoa console update ikiwa katikati, na mara zote mbili ilipowaka ilianza kujikagua kama mtu aliyeanguka ngazi.

Ikabidi nimweleze. Akaniuliza ile taa ya rangi ya chungwa ni ya nini, kama gemu nimeacha.

Hebu jaribuni wenyewe kumweleza mama mshonaji kutoka Uvira maana ya standby, kwa Kiswahili, huku gemu linakusubiri. Mimi nilitumia neno moja. Nikasema imelala. Kisha kwa ushenzi wangu nikaongeza kwamba ukiichomoa ikiwa imelala inashtuka, inaharibika.

"Iko nalala?" akasema mama, tena kwa sauti ya chini. "Basi nitaiacha ipumuzike."

Nikajiona genius. Nikawaza hata kufungua uzi humu niwafundishe.

Kesho yake nikakuta console imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hilo halikunishtua. Nyumbani kwetu TV ina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na nadhani nikikaa kimya sana na mimi nitapewa changu. Nikakitoa, nikacheza, nikaondoka. Mama akakirudisha. Tukaishi hivyo siku kadhaa, kila mtu akiamini mwenzake ana adabu.

Kisha baridi ikazidi.

Jumamosi moja asubuhi niliacha update kubwa inapakuliwa, console ikiwa standby, nikaenda Newtown na washkaji kuangalia sneakers ambazo hatukuwa na mpango wa kununua. Mama alibaki anakata velveti ya zambarau, oda ya kwaya. Anayeijua velveti anajua: ukiikata inamwaga manyoya kama mbwa anayebadilisha koti.

Nilirudi kwenye saa nane mchana. Mlangoni nikasikia harufu ya pasi juu ya nailoni. Mama naye alikuwa ameshaisikia, alikuwa ameikagua pasi yake mara tatu akaikuta baridi.

Nikatazama chini ya TV. Juu ya kile kitambaa cheupe kulikuwa na blanketi. Blanketi la mtoto, lile laini lenye sungura, limekunjwa mara mbili na kuchomekwa vizuri pembeni zote ili upepo usipite.

Eish.

Nikalivuta. Lilikuwa la moto kama limetoka kupigwa pasi. Taa hakuna. Nikabonyeza, ikalia pii, feni ikanguruma sekunde tatu, kwenye TV yakapita maandishi kwamba kifaa kina joto kupita kiasi, kisha giza. Nikasubiri ipoe, nikabonyeza tena. Hata pii sikuisikia.

Mama akaniuliza imeamka?

Niliitia kwenye begi la shule, ambalo likizo hiyo lilikuwa halijabeba kitu chochote cha maana, nikaondoka.

Mtaa wa pili, ukipita robot (huku ndiyo taa za barabarani), kuna fundi Mtanzania anaitwa Shomari, ana meza yake ndani ya duka la simu. Akaifungua mbele yangu. Akachukua kibano, akaanza kuvuta.

Wakuu, lilitoka bonge la manyoya kama sungura mwingine. Zambarau juu kabisa, chini yake kijani, chini yake nyeupe. Niliweza kusoma oda za mama moja moja: kwaya ya velveti, kitchen party ya mwezi wa tano, ile harusi ambayo bwana harusi alichelewa.

"Dogo," akasema Shomari, "umeniletea console au umeniletea mto?"

Kisha akauliza ni nani anayeifunika, maana manyoya yalikuwa yamegandamana kwenye matundu ya hewa kama yaliyoshindiliwa. Nikamweleza kisa cha imelala. Akaweka bisibisi mezani ili acheke kwa mikono miwili.

Alipomaliza kucheka alinipa somo, na hili ndilo mlilolifuata humu kwa hiyo someni vizuri. Alisema standby peke yake haina kosa kubwa. Ikitulia inakula umeme kidogo na inapata joto kidogo. Lakini ikiwa inapakua update imeamka, inafanya kazi, inahema. Inahitaji hewa kama mtu anayekimbia. Mimi mkimbiaji nilimwekea blanketi puani, na mapafu yake yalikuwa yameshajaa velveti tangu mwaka jana.

Na mahali ambapo umeme unakatika hovyo, alisema, zima kabisa. Hiyo ni habari nyingine, ila ndiyo hiyo hiyo.

Nikamuuliza la muhimu. Kama imekufa, je, anaweza kutoa diski aiweke kwenye console nyingine ili save ipone?

Akatikisa kichwa. Alisema diski ya hii inasomwa na bodi ya hii. Bodi ikifa, imekufa na siri zake. Atasafisha, atabadilisha ile dawa ya kupitishia joto kwenye chip, ataacha itulie. Nirudi Jumatatu.

Yaya alikuwa anarudi Jumapili.

Nimeona humu kuna watu wataniuliza picha. Picha hakuna. Nilikuwa naandaa uongo, mikono haikuwa huru.

Niliandaa mitatu. Wa kwanza, umeme. Wa pili, nimeipeleka service kwa mapenzi yangu mwenyewe. Wa tatu ulikuwa na mwizi, nikauacha kwa sababu hakuna mwizi wa Joburg anayeacha TV akabeba console peke yake.

Jumapili yaya akaingia, mkoba begani, akamsalimia mama, akatazama chini ya TV. Pale pameachwa mraba safi uliozungukwa na vumbi la zambarau.

Nikafungua mdomo na uongo namba mbili. Mama akaniwahi.

"Fiston, ni mimi," akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Niliifunika. Nilizani iko nasikia baridi."

Mjue mama hachezi gemu, lakini kila yaya akimaliza mechi huwa anauliza, "Fiston ameshinda?" Anamaanisha yule wa ndani. Alijua vizuri nani alikuwa amefunikwa.

Wakuu, hiyo dakika ilikuwa nzuri sana kwa mwoga. Kesi imepata mshtakiwa, mshtakiwa amekiri, na yaya hawezi kumkaripia mama. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni bure.

Sijui nini kilinipata. Nikasema niliiacha standby tangu siku ya pili. Nikasema mama alifunika kwa sababu mimi nilimwambia imelala, na nilimwambia hivyo ili asinichomolee update zangu. Mutu akilala, kwetu tunamufunikaka. Alifanya kilicho sahihi kwa habari niliyompa.

Yaya hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani na sare yake bado mwilini, akauliza neno moja.

"Save?"

Nikamwambia fundi amesema kesho. Nikajaribu utani, kwamba labda Fiston alikuwa anahitaji mapumziko kwa ajili ya goti. Hakuna aliyecheka. Ni mara yangu ya kwanza kukosa watazamaji ndani ya nyumba hii.

Jumatatu tulikwenda watatu. Mama alifunga cherehani katikati ya oda, jambo ambalo hata kwa msiba huwa analifikiria mara mbili. Shomari akaunganisha console kwenye TV ndogo ya dukani. Ikawaka. Feni haikusikika kabisa. Akampa yaya pad.

Yaya akafungua career. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka.

Kisha akatokea, namba nane, kitambaa cha unahodha mkononi, masikio yote mawili.

"Yuko," akasema mama.

Yaya akageuka ukutani akaanza kutazama chaja za simu. Alizitazama muda mrefu sana kwa mtu mwenye simu moja. Shomari naye ghafla akakumbuka kuna skrubu chini ya meza.

Tuliporudi nyumbani mama akasimama katikati ya sebule akataka aelezwe upya. Imelala imetuletea matata, alisema, kwa hiyo hiyo taa ya chungwa aambiwe maana yake ya kweli, na asiambiwe na mimi.

Yaya akafikiri.

"Haijalala, mama. Iko nasubiri."

"Iko nasubiri nani?"

"Mimi."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akaielewa standby kuliko nusu ya wataalamu wa jukwaa hili. "Basi isikusubirie kwenye vumbi yangu," akasema, na akaibeba yeye mwenyewe mpaka chumbani kwetu, akaiweka juu ya kabati, wazi pande zote, bila hata uzi mmoja juu yake.

Tangu hapo ikiwa na update tunaiacha standby, wazi, na mtu akiwepo nyumbani. Update ikiisha tunazima. Kila mwezi natakiwa kuisafisha matundu kwa brashi laini, mimi, peke yangu, kwa hukumu isiyo na rufaa. Pad sigusi mpaka msimu wa kumi na mbili uishe, na yaya anaishusha kwenye TV kwa mechi moja tu kwa siku. Piga hesabu ya mateso yangu.

Nilichojifunza: standby haikuua console ya mtu. Karibu iuawe na mimi, kwa neno moja la mkato nililompa mtu aliyenisikiliza kwa makini kuliko ninavyosikiliza mimi.

Sasa ni zamu yenu. Wa zima kabisa na wa standby milele, piganeni hapo chini. Ila naomba kwanza niwasikie waliowahi kukaribia kuua kifaa cha mtu kwa tafsiri mbovu. Najua mpo. Msiniache nikae kizimbani peke yangu.