Tangazo la Bure kwenye Geti la Shule

Benchi zima la mwanangu liliugua, akabaki yeye peke yake.

Wanakaa wanne. Wa kwanza alianza na homa, wa pili tumbo, wa tatu akalazwa kabisa. Wangu kila siku anarudi nyumbani anaruka kamba.

Mwanzoni nilimshukuru Mungu. Baadaye nikaanza kuona watu wananiangalia vibaya.

Nikiingia dukani, wanawake wananyamaza. Nikisalimia, naitikiwa nusu. Mpaka siku moja muuza mkaa, ambaye hana hata mtoto pale shuleni, akaniuliza, "Eti mama, huyo mwanao unamfunga nini kiunoni?"

Yaani nimeshakuwa mchawi. Mimi.

Ngoja nijitambulishe, ndiyo mtaelewa kwa nini mambo yaliishia getini.

Kazi yangu ni kutangaza. Nina kigari chakavu chenye spika mbili juu ya paa, nazunguka nacho mitaani. Duka jipya, natangaza. Msiba, natangaza. Mbuzi kapotea, natangaza mpaka rangi ya masikio yake. Watu wananiita Bi Spika, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa hata kabla sijanunua hizo spika. Kanuni yangu ni moja: unalipa, unaniandikia, nasoma ulichoandika. Siongezi, sipunguzi.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, binti yangu wa darasa la tatu, na mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Binti tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, hata ndoto anakusimulia kabla hajapiga mswaki. Mdogo wangu ni mwalimu kwenye shule hiyohiyo. Ndiyo kwanza kaajiriwa, bado yuko kwenye majaribio. Chiriku akiwa nyumbani anamwita mama mdogo, akivuka geti anamwita mwalimu.

Sasa basi. Watoto walipozidi kuugua, wazazi tukauliza kwenye grupu letu la simu. Mwalimu Mkuu akajibu, "Wazazi wapendwa, hizi ni homa za mabadiliko ya hali ya hewa. Msiwe na hofu." Akamalizia na picha ya maua.

Nikaandika, "Mkuu, hali ya hewa inabadilika kwenye shule yako tu? Maji mmeyapima?"

Ujumbe ukafutwa. Kidogo hivi, nikaona na mimi nimefutwa. Nimetolewa kwenye grupu.

Nilicheka peke yangu, kile kicheko ambacho ukikisikia unasogea pembeni.

Yule mtoto aliyelazwa ni wa jirani yangu, fundi cherehani, tunagawana ukuta. Huyu mama amenilelea Chiriku tangu anatambaa, mimi nikiwa barabarani natafuta riziki. Sasa hata salamu alikuwa hanipi. Nikaenda hospitali hivyohivyo, na matunda yangu mkononi.

Mtoto amelala, midomo imekauka, dripu mkononi. Amekonda mpaka nikamtambua kwa nywele tu. Fundi amekaa kando ya kitanda anamfuta jasho kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye nguo ya mteja. Hakugeuka.

"Jirani," akasema, "niambie ukweli. Wako anakunywa nini?"

"Maji hayohayo ya shule."

"Basi Mungu ana upendeleo."

Nikayaweka matunda kando ya kitanda.

Muuguzi akaja kubadilisha dripu, nikamuuliza mtoto anaumwa nini hasa.

"Homa ya matumbo," akasema. "Ni maji au chakula kilichoingiwa na uchafu wa chooni. Tumepokea wengi wa shule hiyo. Wiki iliyopita tukawapelekea taarifa. Kwani wazazi hamkuambiwa?"

Fundi akainua kichwa. Tukatazamana.

Wiki iliyopita mtoto wake alikuwa bado mzima. Alikuwa anacheza mpira na Chiriku uani kwetu.

Nilifika nyumbani. Nikachukua mkoba wa Chiriku niufue, maana mikono yangu ilihitaji kazi isije ikavunja kitu. Chini kabisa, chini ya madaftari, nikakuta chupa tupu ya maji ya dukani.

Mimi sijawahi kumnunulia mtoto maji ya chupa. Hiyo jeuri sina.

"Chiriku, hii umeitoa wapi?"

Kimya.

Jamani, Chiriku alinyamaza. Homa zote zile hazikunitisha kama kile kimya.

"Niliapa," akasema mwishowe, machozi yanamlengalenga. "Mama mdogo ananipa kila siku. Kasema nisinywe ya bombani, na nisimwambie mtu. Hata wewe."

Mdogo wangu alikuwa uani anaanua nguo. Nikamsimamishia ile chupa mbele ya macho. Alikaa chini palepale, nguo zote mapajani, akaanza kunieleza.

Ukuta wa shimo la choo umepasuka. Uchafu unapenya kwenye tangi la chini, na bomba la watoto linatoka kwenye tangi hilo. Taarifa ya hospitali ilipofika, Mkuu aliwaita walimu ofisini, akafunga mlango, akawaambia wanywe maji ya chupa. Na neno lisitoke nje mpaka uandikishaji wa wanafunzi wapya upite, kwa sababu wazazi wakisikia watakimbilia kwingine.

"Na watoto je?" nikauliza.

"Alisema atatia dawa kwenye tangi."

"Akatia?"

Akatikisa kichwa.

"Unalala nyumba moja na mimi. Unakula na mimi. Unasikia naitwa mchawi."

"Nimemlinda mwanao, dada. Ulitaka nini zaidi?"

"Na wa jirani?"

"Ningebeba chupa ngapi?" Akazikumbatia zile nguo. "Niambie wewe. Watoto mia tano wale, mimi ningebeba chupa ngapi?"

"Hukutakiwa kubeba hata moja. Ulitakiwa kufungua mdomo."

"Mdomo wako una spika, dada. Wangu una mkataba wa majaribio. Nikisema, kibarua kinaota nyasi kesho."

Nilimpenda na nilitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa uani, kinaanua nguo zangu.

Asubuhi yake wakatangulia shuleni, mmoja amenuna, mwingine macho yamevimba. Chupa iko kwenye mkoba. Mimi nikabaki nasukuma mswaki mdomoni nikijiuliza naanzia wapi, wakati kila saa inayopita kuna mtoto anainama kwenye lile bomba.

Mara nikasikia hodi.

Mwalimu Mkuu mwenyewe. Suti, manukato, tabasamu.

"Bi Spika, nina kazi. Uianze sasa hivi, pale getini, wazazi wanapoleta watoto."

Akanipa karatasi. Nikaisoma. Nikaisoma tena, nikidhani macho yangu hayajaamka. Akahesabu pesa bila kuuliza bei.

"Halafu," akasema akijifuta paji la uso, "yule mdogo wako ni mwalimu mzuri. Barua yake ya ajira iko mezani kwangu. Nasubiri tu kusaini."

Hapo alikosea. Mimi ukinibembeleza nalegea. Ukinitisha, umeniwashia gari.

"Kazi itafanyika, Mkuu," nikamwambia. "Panda twende."

Getini palikuwa pamejaa. Nikasimamisha gari, nikawasha spika, nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Uongozi wa shule unawatangazia wazazi wote kwamba shule yetu ni salama na maji yetu ni safi. Puuzeni uzushi unaoenezwa na wasioitakia mema shule yetu. Uandikishaji unaendelea."

Sikuongeza, sikupunguza. Mkuu amesimama kando ya dirisha langu anaitikia kwa kichwa.

"Hilo lilikuwa tangazo la kulipiwa," nikasema. "Linalofuata ni la bure."

Kichwa chake kikasimama.

"Wazazi, watoto wenu wana homa ya matumbo. Shimo la choo linavuja kwenye tangi la maji. Hospitali iliiambia shule wiki iliyopita, shule haikuwaambia ninyi. Mtoto asinywe maji ya hapa. Mwenye homa au tumbo msimpe vidonge vya kubahatisha, mpelekeni hospitali leo. Narudia."

Nikarudia.

"Zima," Mkuu akasema.

"Sizimi."

Akashika mlango wa gari akavuta. Akavuta tena. Mlango ule wa dereva haufunguki kwa nje tangu nilinunue lile gari, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nikaupenda.

Wazazi wakasogea. Wengine wameshika watoto mikono, wengine wananizomea. Mkuu si mjinga. Aliachia mlango, akageuka, akatoa sauti ya mkutanoni.

"Wazazi wangu, huyu mama ana chuki zake. Mimi nawauliza swali moja tu. Kama maji ni mabaya, mbona mwanawe mwenyewe ni mzima?"

Swali lile mtaa mzima ulikuwa umelitafuna muda mrefu, sasa limepata mtu wa kulitema hadharani. Nilimwona fundi cherehani nyuma ya umati, ametoka hospitali kuja kumwombea mwanawe ruhusa ya kukosa masomo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Chiriku," Mkuu akaita kwa upole. "Njoo, mwanangu. Mlinzi, lete kikombe cha maji ya bomba. Kunywa, mwanangu, uwaonyeshe wazazi."

Nilitupa kipaza sauti nikauvaa mlango. Ule mlango usiofunguka kwa nje, siku hiyo ukagoma na kwa ndani, na wa upande wa pili umezibwa na umati. Naupiga bega, naupiga teke, naita jina la mwanangu. Kipaza sauti kinaning'inia dirishani, hakijazimwa.

Chiriku akatoka kati ya watoto wenzake, akasimama hatua mbili kutoka dirishani kwangu, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akachungulia ndani. Akakisogeza mdomoni, halafu akasita, akageuza shingo akimtafuta mtu kati ya walimu waliojipanga barazani.

"Mama mdogo," akasema, "si ulinikataza?"

Sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, ikaenda mpaka barabara ya pili.

Niliona fundi cherehani anageuka polepole kumtazama mdogo wangu. Alikuwa amepata jibu la swali lake la hospitalini.

Mdogo wangu angeweza kusema mtoto anaropoka. Barua iko mezani, Mkuu anamkazia macho.

Akashuka barazani. Akamnyang'anya Chiriku kikombe, akayamwaga maji miguuni pa Mkuu, akakishika kipaza sauti changu.

"Mimi ni mwalimu hapa," akasema. "Walimu wote tunajua. Tuliambiwa tunywe ya chupa na tusiwaambie. Nilimpa mtoto wa dada yangu. Wenu sikuwapa. Anayetaka kunitukana anitukane, lakini kwanza amtoe mtoto wake ndani."

Wakaingia kama mafuriko. Baba mmoja, fundi bomba, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi akafunga koki na kukalia mfuniko mpaka watu wa afya walipofika. Mkuu alikuwa anarudia "sikujua, sikujua", na viatu vimelowa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Namshukuru Mungu sisi kifo hakikuwahi kufika, watoto wote walipona, hata yule wa fundi cherehani, ingawa suruali zake zote mama yake alizibana upya.

Sasa msidhani ni hadithi ya kila mtu kupata haki yake.

Mdogo wangu alifukuzwa. Kosa: kutoa siri za ofisi. Fundi alikaa muda mrefu akimpita kama nguzo ya umeme. Juzi akaingia kwetu na futi yake shingoni, akamsimamisha, akampima gauni, mabega, kiuno, urefu. Mdogo wangu alilia mpaka futi ikalowa.

Na mimi nisijifanye shujaa. Kwenye tangazo langu la bure nilisema kila kitu isipokuwa kwamba mdogo wangu alijua. Nilimficha, kama yeye alivyoificha chupa ya Chiriku. Damu nzito kuliko maji, ndiyo, lakini watoto wa wenzetu wanakunywa maji. Aliyemaliza kazi ni mtoto aliyechoka kutunza siri ya watu wazima.

Mzazi mwenzangu, shule ikikuambia usiwe na hofu, uliza walimu wao wanakunywa nini. Na wewe unayejua jambo, ukijikuta unamfungia mwanao chupa yake peke yake, usijisifu kwamba una akili. Hiyo chupa ni ushahidi kwamba ulijua.

Pesa ya Mkuu sikurudisha. Kazi niliifanya, tena getini kama alivyotaka.

Yeye hakufukuzwa. Kahamishiwa shule nyingine, mji wa jirani, na nasikia wazazi wa huko hawajaambiwa kwa nini.

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayeshika kipaza sauti, mimi naendesha. Jumatatu shule zinafunguliwa. Mafuta nimejaza, na njia ya kwenda huko nimeshaiulizia.