Zamu ya Mvulana

Juzi, katika duka moja Nakuru, nilimsikia mwanamume akiiambia mashine ya kamari, "Umekula mara sita, sasa lazima uteme." Hasira ilinipanda, kwa sababu baba aliwahi kumwambia mama karibu maneno hayo, jikoni kwetu Keringet, viazi vikichemka na moshi ukituwasha macho.

"Daktari alinikataza kuzaa tena," mama alisema.

"Wasichana watano mfululizo," baba akajibu. "Sasa ni zamu ya mvulana."

Nilidhani zamu hiyo ni kama ya foleni ya maji, nikafurahi. Leo najua kila mimba huanza upya, haijui waliotangulia.

Mama alifariki akimzaa msichana wa sita. Matangani baba aliwaambia wageni, "Tulikuwa tumekaribia."

Sijamsamehe.