Joto la Jumamosi Lililofika Jumatatu

Aliajiriwa na bohari ya chanjo tarehe 4 Februari 2013, akiwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa funguo za chumba cha mitambo. Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Nimepokea, na jina hilo amejitakia mwenyewe.

Kila jokofu la bohari lina kompyuta ndogo inayoandika kumbukumbu kwa mistari mifupi: joto nyuzi nne, mlango umefunguliwa, mlango umefungwa. Mistari hiyo husafiri kwa mtandao hadi seva ya makao makuu, mji mwingine kabisa, ili hata bohari ikiteketea, au mtu akitia mkono mahali pasipomhusu, ukweli uwe mbali na salama. Alipoanza kazi, mashine zilikuwa zikituma mstari na kuendelea na shughuli zao, kama mtu anayepaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara kisha akaenda zake bila kujua kama amesikika. Mistari mingine ilipotea njiani na hakuna aliyeshtuka. Akabadilisha mtindo. Sasa mashine hutuma, kisha husubiri seva ijibu kwamba imepokea. Isipojibiwa, huuweka mstari kwenye foleni na kujaribu tena mpaka kieleweke.

Tabia hiyo aliihamishia nyumbani. Mumewe akiandikiwa ujumbe wa kununua sabuni asipojibu "nimepokea", hutumiwa tena, na tena. "Mimi sikuoa mke, nilioa seva," huwaambia rafiki zake.

Ijumaa moja alasiri, wachimbaji wa mtaro mbele ya bohari walikata kebo ya mtandao. Kesho yake umeme ukakatika mtaa mzima. Jumatatu asubuhi makao makuu walipiga simu kwamba seva ina pengo: tangu Ijumaa hakuna jokofu lililosema neno, hata lile kubwa lenye chanjo nyingi zaidi.

Sheria ya bohari haina huruma. Chanjo isiyo na kumbukumbu ya joto haitoki, inateketezwa. Na zamu ya mwisho wa wiki ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mtunza jokofu. Kwenye korido tayari watu walishaanza kunong'ona kwamba huenda jenereta ilichelewa kuwashwa.

Wifi aliingia chumba cha mitambo bila kubisha.

"Nilijua ipo siku utaniponza, wifi, ila nilidhani itakuwa kwa sababu ya kaka yangu."

"Kaa kwanza. Jenereta uliiwasha?"

"Niliiwasha mlinzi hata hajamaliza kulalamika! Lakini nani ataniamini? Mdomo wangu hauna mhuri."

"Mdomo wako una kelele tu. Twende chini."

Alitania huku akitangulia ngazini. Kukatika kwa kebo hakukumtisha. Foleni ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Kilichomtisha ni umeme. Foleni inaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo umeme ukikatika hufutika yote, au kwenye diski, ambako hubaki. Mashine zote alizipangia diski, kasoro moja ambayo hakuwa na hakika nayo. Kompyuta ya jokofu kubwa aliibadilisha mwezi uliopita, siku ambayo mama yake mzazi alikuwa amelazwa na simu haikumpa nafasi ya kupumua. Alikumbuka kufunga skrubu. Baada ya hapo hakukumbuka kitu. Hilo hakumwambia wifi yake.

Mbele ya jokofu alichomeka kibodi, akafungua diski na kutafuta faili ya foleni. Ilikuwepo, nono, imejaa mistari ambayo haijajibiwa. Aliegemea mlango wa jokofu kwa muda.

"Kuna nini? Sema basi!"

"Kumbukumbu zipo. Zote zinasubiri kebo iungwe."

Kebo iliungwa mchana, na mistari ikaanza kumiminika. Meneja, mtu asiyetia sahihi kitu kabla hajakisoma mara mbili, alisimama nyuma ya kiti chake akiangalia skrini.

"Mama Nimepokea, hizi saa vipi? Joto la Jumamosi limepimwa leo mchana?"

Kweli. Kila mstari, wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili, ulikuwa na tarehe ya Jumatatu.

"Siwezi kusaini hii," meneja alisema. "Mkaguzi ataniuliza tumezipika jiko gani."

Wifi, aliyekuwa mlangoni, alijishika kiuno na kukodoa macho.

Mama Nimepokea alitazama skrini mpaka akaliona kosa, na lilikuwa lake. Alipoipanga skrini hiyo aliiambia ionyeshe saa ambayo ujumbe umefika kwenye seva. Miaka yote ujumbe ulifika papo hapo, kwa hiyo saa ya kutokea na saa ya kufika zilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kuona tofauti.

"Nimekosea mimi, bosi. Hii ni saa ya kufika. Saa ya tukio iko ndani."

Akaufungua mstari mmoja mzima, kama ulivyotoka kwenye mashine. Jumamosi, alasiri. Mstari wa mwisho kabla ya giza ulisema nyuzi nne. Wa kwanza baada ya jenereta kuwaka, dakika chache tu baadaye, ulisema tano. Joto halikuvuka hapo, na kikomo ni nane.

"Na nitajuaje hakuna aliyechomoa mistari mibaya?"

"Kila mmoja una namba yake ya mfululizo. Hesabu, hakuna iliyorukwa. Na seva ya makao makuu mimi nina ruhusa ya kuisoma tu."

Meneja alivuta kiti. Alisoma yote, akarudia, kisha akasaini na kuondoka bila hotuba. Wifi alijitupa kwenye kiti kile kile, akicheka huku anajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Leo hupiki, wifi. Nakuja kupika mimi."

"Usinizidishie chumvi tu."

Kesho asubuhi chanjo zitapakiwa kwenye magari. Magari yakishaondoka, atairekebisha skrini ionyeshe saa ya tukio, halafu atapita jokofu moja baada ya jingine kukagua foleni kwa macho yake.