Kaniki Juu ya Pango la Noeli

Nilirudi Morogoro kwa treni, nimevaa viatu, na cheti changu cha ualimu kikiwa ndani ya bomba la bati ili mvua isikiguse. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu watu wa parokia yetu hawakuyataja kamwe. Katika shule ya serikali kule pwani tuliingia wengi, tukatoka wachache, na mimi nilitoka mbele ya hao wachache. Nilisoma Kijerumani na kukiandika, nilipiga kinanda, na hesabu za sehemu nilizifanya kichwani wakati wenzangu wakitafuta chaki. Sikuwa na mjomba jumbe wala baba karani. Nilipanda kama mtu anavyopanda Uluguru wakati wa masika: ukiteleza, hakuna wa kukushika.

Padre alinipa darasa la shule ya misheni, juu mlimani, mahali ambapo ukisimama mlangoni asubuhi unaona mawingu chini yako na moshi wa treni mbali bondeni. Mahali pazuri. Watu wake ndio walionishinda.

Siku ya Noeli kila mtu alikuwa Mkristo. Walishuka na kupanda kutoka kila kijiji, na wengine hata hawakujua wamekuja kusali nini. Walisikia kuna kengele, kuna nyimbo, kuna nyama. Noeli ikipita, kanisa linabaki na popo, wanawake wazee na katekista. Wanaume walikuwa na udhuru. Huyu nguruwe wamemwingilia shambani, yule mguu umevimba, na mguu huo huo ukimpeleka pombeni bila fimbo.

Katekista wetu alikuwa mtu wa koti moja na sauti kubwa. Sala zote alizijua kwa moyo, na maana ya hata moja hakuijua. Akiimba Kilatini, ungedhani anafukuza ndege mtamani. Lakini yeye ndiye aliyeshika kengele, na kwa watu wetu anayeshika kengele ndiye msomi. Mimi waliniita Bwana Karatasi.

"Bwana Karatasi kapita," walisema wanawake wakiwa kisimani. "Shikeni ndoo, zisije zikaulizwa hesabu."

Basi ikafika Jumapili ya Mamajusi, ile ya kukumbuka wageni watatu waliomletea Mtoto zawadi. Padre alikuwa na sanamu za plasta zilizotoka kwao Ulaya, zikiwa zimefungwa ndani ya majani makavu, na alizipenda kuliko alivyotupenda sisi. Jioni ya Jumamosi aliwapanga Mamajusi mwenyewe mbele ya pango la Noeli, karibu na Mama, Mtoto na Yosefu. Asubuhi tuliingia kwa misa, mimi mbele kwenye kinanda, nikaona pango halipo. Lilikuwa limefunikwa kaniki tangu juu hadi chini, kama mlango wa nyumba yenye mzazi wa mtoto mchanga. Mamajusi watatu walikuwa wamegeuzwa, wanatazama ukuta. Yosefu alikuwa ametolewa kabisa, amesimamishwa peke yake karibu na mlango wa kanisa, kama mtu aliyefukuzwa na wakwe.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Padre hakucheka.

Katekista aliivuta kaniki kwa kishindo. Mbele ya Mama palikuwa na kibuyu cha uji wa mtama, bado una moto, na chini ya majani aliyolalia Mtoto kulikuwa na kisu kidogo cha jikoni.

"Matambiko!" katekista akapiga kelele. "Matambiko ndani ya nyumba ya Mungu!"

Padre alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani. Alisema kwa Kiswahili chake kizito kwamba aliyefanya hivi ameleta mizimu kanisani. Sikukuu ya Mishumaa, siku ya arobaini tangu Noeli, ndiyo ilikuwa imepangwa kuwabatiza wanawake wa darasa la dini. Akasema aliyefanya hivi ajitokeze Jumapili inayofuata, naye atafutwa darasani. Asipojitokeza, hatabatizwa hata mmoja.

Wanawake walitazama chini. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa ameshika pembe moja ya ile kaniki walipoitundika. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Hakuna aliyefungua kinywa. Mashujaa wa kisimani!

Nami nilikuwa nimeacha kucheka, kwa sababu katekista alipoikunja ile kaniki niliona tundu pembeni, dogo, limeungua. Tundu hilo nililifahamu. Nilipokuwa njiani kurudi, cheche ya treni iliruka dirishani ikatua juu ya mzigo wangu, na kaniki niliyomnunulia mama yangu ikatoboka kabla hajaivaa.

Nilimkuta mama jikoni kwake, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na hasira. Iweke hapo nje, kuku wataitazama."

"Kaniki yako iko wapi?"

"Iko kwa katekista. Ameiteka."

"Mama, ujinga gani huu? Ile ni plasta. Ukiidondosha inavunjika, ndani ni nyeupe kama chokaa. Haina baridi, haina njaa, haina jicho baya."

"Najua ni plasta. Nimeifuta vumbi mimi." Akatupa ganda. "Na msalaba ni mti, lakini sijamwona Padre anaupasua kuni. Ametuambia huyu ni Mama na huyu ni Mtoto, amezaliwa jana. Basi mtoto wa jana anawekwa mlangoni, kila mpita njia amtazame? Mwenye jicho zuri na mwenye jicho baya? Hao Wazungu mama zao hujifungulia sokoni?"

"Na Mamajusi wamewakosea nini?"

"Wanaume watatu. Ukoo wao haujulikani. Wanaingia mpaka kwenye kitanda cha mzazi!"

"Wameleta dhahabu, mama."

"Hata wangeleta ng'ombe. Zawadi hupokewa mlangoni, na bibi wa mtoto. Tungekuwa watu wabaya tungewatoa nje. Tumewageuza tu."

"Na Yosefu?"

"Yule ana kazi gani mle ndani? Atarudi mtoto akitolewa nje."

Niliketi. Nilikuwa nimetoka kwenye shule ambayo ramani ya dunia nzima ilitundikwa ukutani, na nimekuja kusikiliza haya. Nikamwambia wamejiaibisha, wameniaibisha na mimi, na kwamba watu wa namna hii wataendelea kubeba mizigo ya wengine mpaka kiama. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila kuinua macho kwenye maharage, kwamba Jumapili atasimama na kusema ni yeye.

"Wenzako walikuwa pamoja nawe."

"Kaniki ni yangu."

"Utafutwa darasani."

"Ndiyo."

Sasa lazima nieleze jambo moja. Dada yangu, aliyenifuata, alibatizwa na masista akiwa mgonjwa, akafa nikiwa pwani, akazikwa ndani ya ua wa minyaa nyuma ya kanisa. Ndani ya ua huo hawakuzika asiyebatizwa. Mama yangu hakwenda darasa la dini kwa sababu ya Utatu Mtakatifu, ambao aliusema vizuri kuliko katekista. Alikwenda ili siku yake ikifika asilazwe upande wa pili wa minyaa, mbali na mtoto wake. Alipanda kilima kile kila juma, magoti yake yakilia, kwa sababu hiyo. Na sasa alikuwa tayari kuipoteza nafasi hiyo ili kundi la waoga libatizwe.

Nilivaa koti nikaenda kwa Padre.

Alikuwa nyuma ya nyumba yake anapogoa mibuni. Nilimsalimu kwa Kijerumani, Kijerumani kamili, chenye vitenzi vyake mwishoni mahali vinapotakiwa. Katekista alikuwa karibu ameshika kikapu, na niliona raha isiyo ndogo kumwona akigeuza kichwa huku na huku kama kuku, haambulii neno.

"Padre," nilisema, "Sikukuu ya Mishumaa tunakumbuka nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mbuzi wake. "Mwalimu hujui? Bikira Maria anampeleka Mtoto hekaluni."

"Baada ya siku ngapi?"

"Arobaini. Ndiyo sheria ya Musa kwa mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume."

"Na kabla ya siku hizo kutimia?"

"Hakuruhusiwa kuingia hekaluni."

"Basi alikuwa wapi?"

Mkasi ulisimama juu ya tawi.

"Nyumbani," akasema.

"Nyumbani, ndani. Hapa nasi mzazi hukaa ndani, hatazamwi na wageni, mpaka siku ya kumtoa mtoto nje. Siku hiyo wanawake humchukua mtoto wakamwonyesha jua na watu. Wanawake wako hawakumfunika Mtoto kwa ajili ya mizimu. Wamemfanyia mama yake walichofanyiwa wao na mama zao. Na siku wanayoingoja ili waondoe kaniki ni ile ile unayoingoja wewe ili ubariki mishumaa."

"Na uji?"

"Mzazi anakula nini kwenu?"

"Na kisu?"

"Ni cha kukatia kitovu, kinabaki karibu na mtoto mpaka atoke. Padre, kwenu mkunga alikata kwa kitu gani? Kwa meno?"

Hapo nilivuka mpaka, na nilijua. Mtu mwingine angefukuzwa kazi. Lakini mtu mwingine asingeweza kulisema kwa Kijerumani. Mabega yalianza kumtikisika, akacheka mpaka mkasi ukamponyoka. Nikamwambia kaniki ni ya mama yangu. Akaacha kucheka, akafikiri, akasema abatizwe pamoja na wenzake. Ila kisu hakitaki, uji hautaki kwa sababu ya panya, na nguo isiwe nyeusi.

Mnadhani mwisho wa habari ni kwamba walinishukuru? Hamuijui parokia yetu.

Jumapili Padre alipanda mimbarini akaeleza habari ya arobaini kana kwamba ilimjia katika sala. Alisema amefikiri sana juu ya desturi za watu wake. Hakunitazama hata mara moja, na nilikuwa hapo chini yake kwenye kinanda. Baada ya misa katekista alisimama chini ya kengele akawaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo aliona kaniki ile haina ubaya, ila alitaka Padre agundue mwenyewe. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakasema huyu ni mtu wa hekima. Wanawake nao walisema Mtoto amejitetea. Waliwekea pango pazia la merikani nyeupe, wakanipita mlangoni wakiwa na furaha yao, na mmoja akaniambia, "Bwana Karatasi, ungeomba nawe ungeona maajabu."

Ilipofika Sikukuu ya Mishumaa kanisa lilijaa kuliko Noeli, kwa sababu hakuna Mluguru anayekosa kutolewa nje kwa mtoto. Hata wenye miguu iliyovimba walikuja. Padre alibariki mishumaa, kisha akawabatiza wanawake mmoja mmoja. Mama yangu alipoinamisha kichwa, maji yalimwingia sikioni. Akalitikisa sikio, akakaza macho mbele, akangoja mpaka neno la mwisho lilipotamkwa. Kisha Padre akamkabidhi yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, ile sanamu ya Mtoto. Aliipokea kama inavyopokewa roho hai, mkono mmoja chini ya shingo, akatoka nayo nje mpaka juani. Vigelegele vilipanda mpaka nikaona Padre anafumba macho kwa maumivu. Ndani, mtu aliwageuza Mamajusi, na Yosefu akarudishwa kwa mkewe. Yote hayo kwa ajili ya plasta.

Aliporudisha sanamu, mama hakusubiri chakula. Katekista alikuwa amemrudishia kaniki yake. Akajitanda, akazunguka nyuma ya kanisa, akaingia ndani ya ua wa minyaa. Nilimfuata, na katekista akatufuata, kwa kuwa hakuna mahali asipotia mguu wake. Mama alisimama kwenye kaburi la dada yangu. Akang'oa magugu machache. Kisha akachukua fimbo yake akachora mstari ardhini kando ya kaburi, urefu wa mtu, akageuka akakaa juu yake kujaribu.

"Hapa pangu," akasema.

"Mama, inuka," katekista akasema. "Mahali hapachaguliwi. Wanazikwa kwa safu. Padre ndiye anayepanga."

"Mwanangu atamwambia."

"Atamwambia nini? Padre hakubali haya."

"Atamwambia kwa Kijerumani," mama akasema, akafuta udongo kwenye kaniki yake. "Wewe hutasikia."

Katekista alinitazama. Katika parokia ile nzima, katika miaka yote niliyokaa nao, ndiyo mara pekee mtu alipoitaja elimu yangu kama kitu chenye faida, na aliyeitaja hakujua kusoma hata herufi moja.

Nilirudi kwa Padre siku hiyo hiyo, nikamwambia.