Neno Nililosema Langoni

Mimi niliishia darasa la tatu, na sioni aibu kusema. Hapa Endarasha nilianza na jembe la kuazima, nikiwalimia watu viazi kwa kibarua. Leo niko na ekari saba zangu, pikapu, na lori ambalo halilali. Nimesomesha watoto wanne, na siku ya kutembelea wanafunzi sikukosa hata moja. Niliingia shule na gambuti zenye matope, wazazi wa suti wakanipisha, nikamlisha mtoto wangu kuku mpaka ashibe.

Aliyenishinda ni kitinda mimba. Alipomaliza kidato cha nne, rafiki yake alimpeleka kwa kanisa la Wamormoni kule Nyeri mjini. Mwanzo nilinyamaza. Kanisa si bangi. Kisha siku moja akaja na barua: ameitwa kuhubiri miaka miwili, bila mshahara, popote atakapopelekwa. Na mimi nilikuwa nimeshapanga aendeshe lori langu, halafu siku moja liwe lake.

Asubuhi ya kuondoka alivaa shati jeupe na tai. Nilisimama langoni, nikamwambia mbele ya mama yake, "Ukitoka hapa na hiyo tai, usirudi kwangu."

Akatoka.

Kwetu neno la mzazi si mchezo. Kuna wanaume wazima wenye mvi wanaoliogopa kuliko radi. Nilijua hivyo nilipokuwa nikilisema, na bado nililisema.

Ikapita miezi saba. Kila Jumatatu, siku yao ya kufua nguo na kupiga simu nyumbani, mama yake alikaa karibu na jiko akiongea naye. Mimi nilienda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Lakini masikio hayana mlango. Nikajua anaamka saa kumi na mbili na nusu, anasoma maandiko, kisha anatembea mpaka jioni akibisha nyumba za watu. Nikajua haendi popote peke yake. Ako na mwenzake kutoka Uganda, na hata dukani kununua chumvi wanaenda wawili. Nikajua hanywi chai wala kahawa, yeye aliyezaliwa Nyeri! Na ati wanaitwa wazee. Hapo nilicheka kwa uchungu. Mimi uzee wangu niliutolea mbuzi. Wazee wa kiama, baraza letu la kimila, walikula nyama, wakajipangusa midomo, ndipo wakanikubali. Huyu wa miaka kumi na tisa ameupata kwa beji ya plastiki.

Halafu Jumatatu moja mama yake akaweka simu chini akasema, "Amehamishiwa Timau. Na sauti yake imekonda."

Sauti inakondaje? Lakini hilo ndilo lilinitoa kwa kiti. Timau ni kuzunguka mlima tu. Nikasema Jumamosi nitaenda.

"Kumwona ama kumchukua?"

"Kumchukua."

Hakubishana. Jumamosi alfajiri alinipa kuku mzima ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, na chapati kumi na mbili.

"Kumi na mbili za nini," nikamuuliza, "na mtoto atakula hapa nyumbani?"

"Na yule wa Uganda? Utamwacha barabarani na njaa?"

Nikafika Timau kama saa nne. Upepo wa huko hauna adabu, unatoka kwa mlima ukipita juu ya mashamba ya ngano moja kwa moja mpaka ndani ya koti. Nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anajua vijana wawili wa tai.

"Wale wanaotembea wawili wawili kama ng'ombe wa plau?" Akacheka. "Leo wameacha tai nyumbani. Wako kwa shosho mmoja, nyuma ya kile kinu cha unga. Wanamchimbia waru."

Viazi! Nilimfunza viazi nikitegemea avune vyangu, na sasa anavuna vya mwanamke nisiyemjua. Nikaenda nikiwa nimekasirika vizuri.

Nikawaona kabla wanione. Shamba lilikuwa dogo, robo ekari hivi. Yule wa Uganda, mrefu kama mlingoti wa stima, alikuwa anapiga jembe kama mtu anayeua nyoka. Kila akiinua, kiazi kimekatika katikati. Wangu akamshika mkono.

"Usianzie kwa shina," akamwambia. "Anzia mbali. Ingiza meno ya jembe, inua polepole. Waru ni kama yai. Ukiiamsha kwa hasira inapasuka."

Nikasimama hapo kwa ua. Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia akiwa na miaka saba, na wale ndugu zake wakubwa sijawahi kuwasikia wakiyasema hata siku moja. Hata mdomo aliusukuma mbele vile mimi husukuma wangu. Nilikuwa nimebeba hotuba nzima kutoka Endarasha, na kwa dakika hiyo sikukumbuka inaanzia wapi.

"Wewe mzee wa kofia!" Shosho alikuwa ameniona. "Umekuja kununua ama umekuja kuangalia mawingu? Kama huna kazi, jembe liko hapo."

Kijana wangu akageuka. Jembe likamtoka mkononi.

"Baba."

"Ni mimi."

"Kumbe ni baba yake!" shosho akasema. "Basi afadhali. Huyo mrefu ananikatia waru tangu asubuhi, na kila nikimwambia anasema asante."

Nikavua koti nikashika jembe. Mwanamume hasimami kwa shamba akitazama wengine. Tulichimba mstari mzima, kijana upande mmoja, mimi upande mwingine. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Baba, huku hatutembelewi bila ruhusa. Itabidi niwaambie wakubwa wetu umekuja."

"Ati ruhusa? Hata jela kuna siku ya kutembelewa!"

Yule wa Uganda alicheka mpaka akaegemea jembe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini jela alijua.

Saa sita tukakaa kwa nyasi. Nikafungua leso, tukala. Shosho akaniletea chai, na wale wawili akawaletea uji bila kuuliza, kama nyanya anayejua wajukuu wake. Nilipomaliza kikombe nikasema kilichonileta.

"Nimekuja kukuchukua. Lori linakungoja."

Zamani angebishana. Sasa alikaa akisugua udongo kwa vidole.

"Baba, nikuulize kitu kwanza. Lile neno la langoni, bado uko nalo?"

Niliweka kikombe chini kwa nyasi.

"Nabisha milango kila siku," akasema. "Wengi wananifukuza. Mmoja alinifungulia mbwa. Hiyo naiweza. Nikifukuzwa hapa, naenda mlango wa pili. Lakini nyumbani ni mlango mmoja tu. Leo sitaingia kwa pikapu, Baba. Nitamaliza miaka yangu miwili. Ninachouliza ni nikimaliza. Nije?"

Nilimwangalia. Hakuwa amekonda. Shingo ilikuwa imeiva na jua, na macho yalinitazama bila kukimbia. Nilikuja nikidhani mimi ndiye mwenye kuamua kama atapanda gari. Kumbe hilo alishaliamua zamani. Kilichobaki kwangu ni kuamua kama niko na mtoto.

Mimi sijui kuomba msamaha. Labda hufundishwa darasa la nne. Lakini neno baya la mzazi, najua linavyoondolewa. Niliona baba yangu akifanya. Nikasimama, nikavua kofia, nikamwambia asimame. Nikajitemea mate kidogo kifuani, nikatema kidogo kwa viganja, nikashika mikono yake yote miwili yenye udongo.

"Lile neno nimelirudisha," nikasema. "Lisikufuate. Njia yako iwe laini, miguu yako isiumie. Ukimaliza kazi uliyopewa, uje. Lango ni lako."

"Na iwe hivyo," shosho akasema kutoka mlangoni kwake.

Kijana akainamisha kichwa. Alinishika mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mimi sikuitoa.

Yule wa Uganda alikuwa ameacha kutafuna. Akauliza kitu kwa Kiingereza, wangu akamweleza. Basi akaweka chapati chini, akajipangusa viganja kwa suruali, akaja mbele yangu akaninyooshea.

"Mzee, mimi pia?"

"Baba yako atasema nini?"

"Yuko mbali, mzee."

Nikamtemea na yeye. Mate hayanunuliwi.