Ripoti Iliyokwama Kiondoni

Katika ofisi ndogo iliyo juu ya duka la dawa za mifugo mjini Embu, Ruguru alijulikana kwa jambo moja: hakuvumilia kitu nusu. Ndiye aliyeandika programu iliyosimama kama bawabu kati ya vipimo vya maji vilivyofungwa mitoni kule mlimani na simu za wakulima wa Mbeere. Kila ripoti ya kimo cha maji ilitakiwa ifike kwa mpangilio wake, kila bano lililofunguliwa katika maandishi yake liwe limefungwa. Ikiwa sawa ilipita, na kama mto umejaa, wakulima walitumiwa onyo papo hapo. Ikiwa na kasoro, programu iliikataa yote na kumwarifu Ruguru kwa simu, aisome kwa macho yake.

Mwenzake Mugambi aliwahi kuomba naye awe anaarifiwa. Ruguru alimcheka.

"Wewe wa kusahau chai jikoni mpaka sufuria iungue? Hii kazi waachie watu."

Mugambi alicheka pia, ila hakuomba tena.

Miongoni mwa wakulima hao alikuwa Ciakuthii, shangazi aliyemlea Ruguru tangu mamake afariki. Alipanda sukumawiki ukingoni mwa mto, na hakuteremka huko kabla ya kutazama simu. Majirani aliwaambia kuwa ujumbe ule hutoka kwa msichana wake, kwa hiyo haudanganyi.

Msimu wa mvua ndefu, wazee wa upande wa Gedion, mchumba wa Ruguru, walikuja kwa Ciakuthii kuzungumza mahari. Katika boma lile simu haziingii kwenye mazungumzo hayo. Hutiwa zote kwenye kiondo na kuning'inizwa jikoni. Ruguru alisita, akatazama juu. Anga ilikuwa nyeupe, bila wingu. Akaitia yake.

Alasiri, wageni wakiendelea kula, Ciakuthii alikumbuka pampu ya kuazima aliyoiacha mtoni. Akaingia jikoni, akaitoa simu yake, akaitazama, akairudisha. Ruguru alitaka kumsindikiza.

"Bibi harusi hachafui viatu mbele ya wageni wake," Ciakuthii alisema. "Kaa. Nimeangalia, hakuna onyo."

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Maji yalishuka ghafla, mekundu, yakibeba migomba mizima. Jioni vijana walimpata Ciakuthii chini ya daraja la miguu, amefariki.

Ruguru alipoitoa simu yake kiondoni alikuta ripoti iliyokataliwa, iliyoingia kabla shangazi yake hajatoka. Mtandao ulikatika ikiwa njiani, ikafika haina mwisho. Lakini kimo cha maji kilikuwa kwenye mstari wa kwanza, kizima. Mtoto wa shule angekisoma. Simu hiyo ililala ikigusana na ya shangazi yake.

Ofisini walimfariji kwamba programu haikukosea. Ni kweli, haikukosea. Kuikataa ripoti mbovu ni haki. Kosa ni la mtu anayetaka kila kilichokataliwa kipite mikononi mwake peke yake, kisha akaiondoa mikono hiyo. Ruguru alilijua hilo, na hakumwomba mtu amwambie vingine.

Baada ya mazishi alikwenda kwenye meza ya Mugambi, akamwomba namba yake.

"Niwe wa pili?" Mugambi aliuliza.

"Wa kwanza, ndugu yangu."

Kisha akaijaribu programu kwa ripoti ileile. Ikakataliwa. Simu ya Mugambi ikalia, halafu yake. Mugambi akakisoma kimo cha maji kwa sauti, polepole, kama ilivyotakiwa kisomwe siku ile. Ruguru alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.